Bia kali iliyolala kwenye pipa: kwa joto letu la Unguja, inawekwa muda gani?

Mtunza_Stoo (mwanzisha uzi)

Assalaam aleikum wana ukumbi. Mie niko hoteli moja ya Paje, stoo ya vinywaji. Kabla hamjanirukia: situmii wala sijapata kutumia, lakini funguo za stoo zinaning'inia kiunoni kwangu na kikiharibika kitu naitwa mie, haitwi mpishi.

Mwenye hoteli ana mapenzi na bia za ajabu. Kila akirudi safari, begi lake lina chupa zilizoviringishwa kwenye soksi na mataulo. Si hizi za pombe asilimia 5 tunazouza ufukweni. Hizi ni nyeusi tititi, asilimia 12, 13, nyengine 14 na ushei, na zimelazwa miezi kwenye mapipa yaliyotoka kuweka wiski ya bourbon. Baadhi zimechovywa nta mdomoni. Ameniamuru nizipange shelfu ya juu na nisiziguse, eti baada ya miaka mitano ndipo zitakuwa tamu. Na kwa kweli kuna ya kiwanda cha Goose Island cha Chicago, lebo yake inasema hukomaa ndani ya chupa hadi miaka 5. Kwa hiyo hakulitunga yeye.

Sasa iangalieni stoo yenyewe. Juu bati, chini ya bati plaiwudi, na dirisha la wavu linaloelekea magharibi. Nimetundika kipimajoto: kaskazi hii mchana kinasoma 33, usiku hakiteremki chini ya 27. Juzi nafuta vumbi nikaona vifuniko viwili vimeanza kutu pembeni, na chupa moja ya nta, ile inayopigwa na jua la alasiri, nta yake imelainika inashika kidole.

Ninachotaka kujua: zinaweza kukaa hivyo kwa muda gani? Zilale au zisimame? Na nikitaka kumwambia bosi azitoe humo, nimwambie kwa hoja gani? Ni mtu wa kusikia hoja, lakini hasikii "nahisi".

Kaskazi_Moto

Miaka mitano chini ya bati! Huyo bosi Paje anakaa au anaisikia tu?

Bint_Vuga

Yaani siku hizi tunafunguliana uzi wa kutunza pombe. Hamna lengine la kuulizana?

Mtunza_Stoo

Dada yangu, nimekusikia na sikulaumu. Lakini ukumbi huu umeandikwa juu "Kazi za Hoteli na Utalii", na hii ndiyo kazi iliyonipa ada ya skuli ya wanangu. Wenzetu wanauliza humu namna ya kukunja shuka. Mie nimeuliza la stoo.

Bint_Vuga

Haya, riziki ni riziki. Mie napita.

Kaunta_ya_Shangani

Sheikh, swali lako limekuja pazuri. Niko nyuma ya kaunta Mji Mkongwe tangu wengi humu wako madrasa, na kuonja ni sehemu ya kazi yangu, kwa hiyo nitasema kwa urefu kidogo.

Kwanza kuna jambo linalowachanganya wengi, na naona ndilo lililomchanganya bosi wako. Watu wanadhani pipa na chupa vinafanya kazi moja, kwamba chupa inaendeleza pale pipa lilipoachia. Sivyo. Sheria ya Marekani inataka bourbon iwekwe kwenye chombo kipya cha mti wa mwaloni kilichochomwa ndani. Kikishatumika mara moja, watu wa bourbon hawakitaki tena, ndiyo maana mapipa yale huuzwa kwa watengeneza bia. Bia inalala humo miezi, mara nyingi karibu na mwaka, inanyonya kwenye mbao harufu ya vanila, ya nazi, ya moshi, na ile wiski iliyokwishazama ndani ya mti. Siku inapotiwa chupani, hayo yamekwisha. Mti haupo tena. Kilichobaki humo ni bia na hewa kidogo iliyonaswa chini ya kifuniko, na hewa nyengine inayojipenyeza kidogo kidogo kupitia kifuniko chenyewe.

Kwa hivyo bia ile inatoka kiwandani imekwisha kukomaa. Aliyekupikia amekwisha kukungojea. Anayeiweka zaidi anataka vitu viwili tu: ukali wa spiriti utulie, na ile hewa ilete ladha za tende, zabibu kavu na sukari guru. Kwa bia nyeusi na nzito hewa kidogo ni nzuri, sikatai. Ikizidi, vanila inakimbia, kahawa inakimbia, mwili wa bia unakuwa mwepesi, inakuja harufu ya boksi lililorowa, na mwisho kabisa unapata sosi ya soya, maana hamira iliyokufa chini ya chupa nayo ina lake la kutoa.

Sasa joto. Wenye viwanda wana hesabu yao ya zamani kwa bia ya kawaida: siku 3 kwenye digrii 32 zinaichosha sawa na siku 30 kwenye digrii 22, au siku 300 kwenye digrii 3. Hebu irudie ile ya kwanza. Digrii 32 ndiyo stoo yako.

Usifahamu vibaya, bia ya asilimia 13 haifi kwa siku tatu. Pombe yake na kile kimea kilichokaangwa vinaikinga. Lakini njia ni ile ile: joto likipanda digrii 10, mabadiliko ndani ya chupa yanakwenda mbio mara mbili hadi tatu. Mwenye kuandika "miaka 5" kwenye lebo anafikiria chumba cha chini ya nyumba, digrii 12 au 13, mwaka mzima, giza. Wewe uko kwenye 30. Piga hesabu mwenyewe: miaka yake mitano kwako inaweza kumalizika baina ya miezi minane na mwaka na nusu. Na hata hiyo haitakuwa safari ile ile kwa mwendo wa kasi, kwa sababu joto haliongezi mwendo wa kila kitu kwa kipimo kimoja. Yale mabaya ya karatasi na boksi yanapenda joto kuliko yale mazuri ya tende.

Hoja ya kumpelekea bosi ni hiyo: lebo haikusema uongo, imeandikiwa nyumba nyengine.

MsomajiWaLebo

Kaunta, umesema vizuri ila umekuwa mkali mno. Bia kali zina historia ya kukaa. Kuna Thomas Hardy's Ale ya Uingereza, ilipikwa mara ya kwanza 1968 na Eldridge Pope wa Dorchester, asilimia 12 hivi, na wenyewe waliitangaza kuwa itakaa miaka 25. Watu wamezifungua baada ya miongo wakazifurahia. Kama bia ya 1968 iliweza, chupa za leo zenye teknolojia zaidi zishindwe?

Kaunta_ya_Shangani

Ndugu yangu, jina lako ni msomaji wa lebo lakini hapo umeruka mstari. Miaka 25 ile ilikuwa na sharti lake: ikiwekwa kwenye baridi ya digrii 13 hivi. Na ile haikuwa bia ya pipa la bourbon. Nguvu yake ilikuwa kimea kingi, na kimea kinazeeka vizuri kuliko vanila. Ukiinunua bia kwa ajili ya pipa lake halafu ukaingoja mpaka pipa likaondoka, umelipia nini?

Forodhani_Jioni

Mimi naona tatizo ni bati tu. Ahamishie chupa nyumba ya mawe Mji Mkongwe. Kuta zile za mawe ya matumbawe na chokaa zina unene wa mkono mzima. Ukiingia chumba cha chini mchana wa kaskazi unasikia baridi.

Kaunta_ya_Shangani

Unasikia baridi kwa sababu umetoka juani. Niliwahi kuacha kipimajoto kwenye chumba cha namna hiyo, Shangani, mlango umefungwa: 27 na nusu asubuhi, 28 jioni. Ukuta mnene unakupa utulivu, joto halipandi wala halishuki ghafla, na hilo lina faida yake. Lakini 28 iliyotulia ni 28. Mji wetu hauna baridi ya kuazima chini ya ardhi kama wenzetu. Kwetu usiku wenyewe ni 25.

Mdau_wa_Moshi

Wakuu salama? Mimi niko Nungwi kikazi. Kwa nini bosi asizipeleke Lushoto? Kule juu Usambara usiku unavaa sweta. Akodi chumba, aweke hizo chupa, awe anafuata mbilimbili akihitaji.

Kaskazi_Moto

Paje hadi bandarini kwa daladala, Malindi hadi Dar kwa boti, Dar hadi Mombo kwa basi, halafu kona zote zile za kupandia Lushoto. Chupa itafika imezeeka kuliko dereva.

Mdau_wa_Moshi

Haha nimekubali mkuu.

Mtoto_wa_Chake

Mie Mpemba, nina swali la ujinga. Kwetu tembo la mnazi mgema akiteremka nalo asubuhi ni tamu, adhuhuri limechangamka, magharibi linauma ulimi, na kesho yake bibi analitaka kwa siki ya achari. Usiku mmoja tu. Hii bia nayo si imetoka kwenye hamira vilevile? Kwa nini moja haingoji hata kupambazuke na nyengine inangoja miaka?

Kaunta_ya_Shangani

Si swali la ujinga hata kidogo, wahudumu wangu wangeuliza hivyo ningefurahi. Tembo halichemshwi. Linadondoka kwenye kibuyu au chupa wazi, hamira ya porini na vijidudu vya kila aina vinaingia pamoja, na sukari imejaa. Hamira inafanya pombe haraka, na nyuma yake wanakuja wadudu wa siki, ambao wanataka hewa tu, na hewa ipo. Pombe yenyewe ni ndogo, haiwezi kuwazuia. Hakuna aliyefunga mlango.

Bia inachemshwa kwanza, kwa hiyo inaanza safi. Ndani yake kuna hopsi, yale maua machungu yanayotiwa kwenye bia, ambayo uchungu wake unawakera vijidudu wengi. Hamira inayotiwa ni ile iliyochaguliwa. Ikifika asilimia 13 ya pombe, wengi wa waharibifu hawaishi humo. Halafu inafungwa kifuniko.

Nasema wengi, si wote. Chupa za Bourbon County, ile nyeusi ya pipa ya Goose Island, za mwaka 2015, baadhi ya matoleo yake yaligeuka uchachu. Kuna bakteria aina ya laktobasili aliyevumilia pombe yote ile. Kampuni ikarudishia watu fedha zao, na kuanzia toleo la 2016 wakaanza kuipasha bia moto kidogo kabla ya kuitia chupani ili kuwaua. Naitaja kwa sababu wapo wanaofikiri chupa yenye kasoro ikingojwa itajirekebisha. Kasoro ya vijidudu haitulii kwa kungoja, inazidi, na kwa joto letu inazidi mbio. Mtunza, ukiona chupa inatoka povu lenyewe kama soda iliyotikiswa mara tu ukigusa kifuniko, ujue kuna aliye hai ndani.

Mtunza_Stoo

Nimeangalia, ya kwetu ya zamani kabisa ni 2019. Ahsante. Endeleeni, naandika yote kwenye daftari.

Baharia_Mstaafu

Nyie vijana mnaliogopa joto kupita kiasi. Nimefika Madeira, kile kisiwa cha Wareno, na meli. Mvinyo wa kule unapikwa kwa makusudi! Zamani walikuwa wakiupakia mapipani kwenye meli zinazokata ikweta, unarudi mtamu kuliko ulivyoondoka. Siku hizi wanautia kwenye matangi wanaupasha moto miezi. Kama joto linautengeneza mvinyo, kwa nini liiharibu bia?

Kaunta_ya_Shangani

Mzee wangu, shikamoo. Hoja yako ndiyo nzito kuliko zote zilizopita humu, na nimeshaisikia kwa wageni wajuzi pia.

Ni kweli tupu. Matangi ya Madeira yanapashwa digrii 45 hadi 50, siku 90 au zaidi. Lakini tazama wanachokitia humo: mvinyo wenye uchachu mwingi kwa asili yake, ulioongezewa spiriti mpaka ukafika asilimia 17 na kupanda. Uchachu ule ndio unaoushika usilegee. Na mtengenezaji anataka ile ladha ya kupikwa, ndiyo bidhaa yake, kila kitu kimepangwa kuelekea huko. Bia nyeusi ya pipa haina uchachu wa kuishika, ina sukari iliyobaki, ina protini, ina mafuta kidogo ya nafaka, na ndiyo hayo mafuta yanayozaa ile harufu ya boksi. Ukiipika unapata kitu kizito, kitamu, kisicho na mgongo. Wako wanaokipenda. Mie mgeni akilipa bei ya chupa ile simpi hicho.

Baharia_Mstaafu

Marahaba. Nimekuelewa ingawa sijakubali yote.

Fundi_Baridi

Nimesoma kimya kimya, sasa tuje kwenye vyuma. Mnasema friji, friji, lakini Unguja friji ina masharti.

La kwanza, umeme. Wenye umri wanaikumbuka ile ya Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa baharini ulipozimika na kisiwa kizima kikakaa gizani miezi mitatu. Siku hizi waya mkubwa upo tangu 2013 na haturudi kule, inshallah, lakini umeme unakatika na unaporudi unarudi umepanda au umeshuka. Compressor, yaani mota za friji, nyingi ninazozitoa zimekufa kwa hilo. Weka stabilaiza ya kusawazisha umeme, na iwe ya kuchelewesha kuwaka dakika chache baada ya umeme kurudi. Hoteli yenye jenereta isidhani imeokoka, maana ule mruko wa kuhama kutoka jenereta kwenda umeme wa kawaida nao unapiga.

La pili, chumvi. Paje upepo wa bahari unakula ile kondensa, mabomba ya nyuma yanayotoa joto nje. Nakuta friji ya miaka miwili imeoza mabomba. Isafishwe kwa maji baridi na brashi laini kila mwezi, ikiwa imechomolewa, halafu ikauke vizuri.

La tatu, baridi kiasi gani. Friji ya nyumbani inakupa 4, ile ya mvinyo inakupa 12. Friza kuukuu ya kulala nayo inafaa ukiifunga kidhibiti joto cha nje: kinakaa ukutani, waya wake wa kupimia unaingia ndani, kinaizima friza ikifika 12. Ni rahisi kuliko friji ya mvinyo, na ukuta wake mnene unashika baridi umeme ukikatika. Ijazeni. Pakiwa na nafasi tupu tieni chupa za maji, friji iliyojaa inapoteza baridi polepole.

Kaunta_ya_Shangani

Fundi kamaliza. Kuhusu 4 au 12: 12 inampa mwenye kutaka bia ibadilike kidogo kile anachokitaka. 4 inaisimamisha karibu na pale ilipo. Kwa hoteli ningechagua 4 bila kujiuliza mara mbili, kwa sababu bia ya pipa naitaka na pipa lake. Ikitolewa nusu saa kabla ya kunywewa, kwa hewa yetu, inafika 12 yenyewe mezani, na hapo ndipo inaponukia. Wahudumu wengi wanaipeleka ya baridi ya barafu kwenye glasi ndefu, mgeni haonji kitu. Glasi ndogo, nusu.

Na zisimame. Kulaza ni kwa mvinyo wenye kizibo cha gome, ili kizibo kisikauke. Chupa ya kifuniko cha chuma ukiilaza unaongeza eneo la bia linalokutana na hewa, na ile hamira ya chini inasambaa ubavuni. Ile kutu uliyoiona ifute, ukaushe, na chupa hiyo iwe ya mwanzo kufunguliwa. Kutu ikipita mpaka kwenye ule mpira wa ndani, kifuniko hakizibi tena.

MsomajiWaLebo

Basi tupe muda. Usituzungushe.

Kaunta_ya_Shangani

Stoo ya bati, digrii 30 na kupanda: mie sizidishi miezi mitatu hata kwa chupa yenye nguvu kuliko zote, na ningependelea isifike huko. Kwenye 4, nyeusi ya pipa ya asilimia 12 kwenda juu naiacha miaka miwili au mitatu kwa raha, na mitano kwa ile nzito kabisa, ingawa mwenyewe nafungua nyingi ndani ya mwaka wa kwanza na sijawahi kusikitika. Kwenye 12, mwaka hadi mitatu, na ukifika wa pili anza kuonja. Lakini soma lebo nyuma: ikiwa imetiwa kahawa, vanila, nazi, pilipili au matunda baada ya pipa, isipite mwaka popote pale, hizo zinanyauka mwanzo. Na kama ni ile kali ya rangi ya shaba yenye hopsi nyingi, iwe imepita pipa au haijapita, inywewe ikiwa mbichi. Zile bia zenye uchachu za Ubelgiji, za kizibo cha gome, zina maisha yao, uchachu unazilinda, lakini hazikuulizwa hapa.

Tena, kila chupa iandike tarehe ya kuingia kwa kalamu ya wino mzito juu ya kipande cha gundi ya karatasi. Lebo zinachubuka kwa unyevu wetu.

Mtunza_Stoo

Nimerudi. Nilimsomea bosi daftari langu lote, kimya, akanywa chai yake mpaka mwisho. Halafu akasema: "Tujaribu."

Ikaonekana kuna chupa mbili za bia moja, mwaka mmoja, alizozileta safari moja. Ya kwanza ilikuwa shelfu ya juu tangu kaskazi ya mwaka jana. Ya pili mpishi aliikuta imesahauliwa friji ya jikoni nyuma ya ndoo za achari, imekaa humo muda ule ule. Tukaziacha zote zikafika joto moja, tukamimina glasi ndogo ndogo, bosi na wageni wawili Wadenishi ambao ndio wanaozijua. Mie nilikuwa namimina tu, kwa hiyo nasema nilichokiona na kukinusa.

Ya shelfu ilimiminika nyepesi. Povu lilipanda jeupe chafu likapotea kabla sijaiweka chupa chini, pembezoni mwa glasi halikubaki hata uzi. Harufu ilikuwa ya tende, kweli, lakini nyuma yake ile ya boksi la maji linaloletwa limerowa mvua. Ya friji ilishuka nzito kama lami ya barabarani, povu la rangi ya kahawia likakaa, na nikiwa nimesimama pale bila kuinama nikanusa vanila na kahawa. Mgeni mmoja aliishika ya kwanza akaitia mdomoni, akasema neno kwa lugha yake, akaisukuma kando. Ya pili hawakuizungumzia, waliinywa.

Bosi ameuliza chupa zote zilizobaki shelfu ya juu zina muda gani. Nilikuwa nazo kwenye daftari.

Kaskazi_Moto

Sasa huyo mpishi apewe kazi ya stoo 😂

Mtunza_Stoo

Wacha maneno yako yakhe. Ila swali lipo: za shelfuni zilizobaki, ambazo zimeshakula joto, tufanye nini? Tuzitie friji zikae au zitoke zote?

Kaunta_ya_Shangani

Friji inasimamisha, hairudishi nyuma. Zilizokaa kaskazi nzima zitoke sasa. Zitie baridi leo, ziuzwe msimu huu kwa kipimo cha glasi, kwa bei ya kawaida, na mgeni aambiwe ukweli kuwa imezeeka kwa joto. Wapo watakaozipenda kwa jina hilo. Zilizoingia karibuni, mwezi mmoja au miwili, zinafaa kuwekwa. Na kama zipo zinazobaki mpaka Ramadhani, hesabu mapema, wageni mezani wanapungua na chupa zinarundikana. Zisirudi shelfuni kwa sababu friji imejaa samaki.

Mpishi_wa_Paje

Mimi ndiye mpishi mwenyewe. Friji yangu ni ya samaki na achari, msiigeuze baa. Bosi anunue nyengine.

Mtunza_Stoo

Amekubali kununua. Lakini anaitaka ile ya mlango wa kioo yenye taa ndani, aiweke kwenye kaunta wageni wazione chupa zake. Fundi, unasemaje?

Fundi_Baridi

Ile ni friji ya soda. Kioo kinapitisha joto, mota itafanya kazi usiku na mchana, na mlango utafunguliwa kila dakika mbili na kila mwenye kiu.

Kaunta_ya_Shangani

Na taa. Mwanga unaivunja ile hopsi ndani ya bia ukatoa mnuko wa kicheche. Chupa ya kahawia inakinga sehemu kubwa, lakini nimeona moja ya zake kwenye picha uliyotuma ni ya kijani. Mwambie aweke chupa tupu kwenye kaunta, zimeoshwa, nta na lebo zake zote. Zenye bia zikae gizani.

Fundi_Baridi

Friza ya kulala, mlango wa bati, kidhibiti cha nje, stabilaiza. Mtunza, nitumie vipimo vya ule ukuta wa nyuma ya ofisi, ule usiopigwa na jua. Iachiwe nafasi ya kiganja kila upande ipumue. Na ufunguo ubaki na wewe.

Mpishi_wa_Paje

Na isiwe jikoni.